Mutoto Anakuta Jina Likimungoja
Namna Wanande wa Beni na Lubero wanapokea mutoto muchanga, tangu zamani mpaka leo



Mutu anapokufa kwetu, kila mumoja anajua kazi yake: nani atachimba kaburi, nani atatafuta kuni, nani atashika kaye ya michango. Juu ya kilio watu wetu wameandika mingi, na juu ya mahari vilevile. Lakini mutoto anapozaliwa tunasema tu «Mungu asifiwe», tunakunywa chai, tunarudi nyumbani, na hatujiulizi kama ndani ya mambo hayo kuna historia. Iko, na ni ndefu.

Katika kurasa hizi tunataka kuionyesha kupitia desturi moja ambayo kila mutu wa Butembo, Beni na Lubero anaijua bila kufundishwa shuleni: majina ya mufuatano wa kuzaliwa. Hatuandiki juu ya kusifu kabila moja mbele ya ingine. Kila watu wa Kongo wako na namna yao ya kumwambia mutoto karibu. Tunachagua ile tunayoijua vizuri, na tunaichagua pia kwa sababu leo iko katika hatari, na si vita peke yake ndivyo vinaitisha.

1. Hesabu ya tumbo la mama

Kwa Wanande, ambao wengi wanajiita Bayira, mutoto wa kwanza mwanaume ni Paluku. Katika familia zingine anaitwa Mumbere ao Nzanzu, lakini kila mutu anaelewa kama ni yeye aliyefungua njia. Anayemufuata ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka, wa ine ni Kakule, wa tano ni Katembo, wa sita ni Mbusa. Wasichana wako na musululu wao: wa kwanza ni Masika, kisha Kavira, kisha Kavugho, na nyuma yao yanakuja majina kama Katungu na Kyakimwa.

Tumbo likigeuka, jina nalo linageuka. Mama aliyezaa wasichana watupu, kisha akapata mwanaume, ule mwanaume haitwi Paluku, anaitwa Muhindo. Na musichana aliyekuja nyuma ya wanaume ni Kahindo. Ndani ya majina hayo mbili kunasikika neno la kugeuza. Mapacha nao wako na yao, Nguru na Ndovya, na mutoto anayewafuata ni Kitsa. Hata kama mapacha hawako tena hai, Kitsa anawatangaza kila siku anapoitwa.

Ndiyo maana jina la Munande ni habari. Ukikutana na Kasereka ku soko ya Goma, unajua tayari kama mbele yake kulikuwa wanaume wawili. Unaweza kumuuliza: «Kambale wenu iko wapi?» Lakini watu wenye hekima wanauliza polepole. Kwa desturi, hesabu haifuti mutoto aliyekufa. Paluku akiishi wiki moja tu, ndugu yake anayezaliwa nyuma anabaki Kambale maisha yake yote. Mahali pa mukubwa wake panabaki wazi, na hakuna mutu wa kupakalia. Zamani, wakati surua na malaria vilibeba watoto wengi mbele ya kujua kutembea, katika kila mugini kulikuwa Kambale wengi wasiokuwa na Paluku. Watu walihesabu wafu wao kwa kuita wazima.

Jambo la pili linashangaza wageni zaidi. Wanande wanafuata ukoo wa baba. Mutoto wa Muswagha ni Muswagha, wa Mushu ni Mushu, wa Mutangi ni Mutangi, wa Mumate ni Mumate, na mbuzi za mahari zilitolewa kusudi iwe vile. Lakini hesabu ya majina haifuati baba, inafuata mama. Katika nyumba ya bibi wengi, kila mama alianza hesabu yake mwenyewe, na mwanaume mumoja aliweza kuwa na Paluku watatu katika lupango moja. Ili kuwatenganisha waliongeza jina la pili: la babu, la jambo lililotokea, ao la tabia iliyotamaniwa.

Kwa hiyo mutoto muchanga aliandikwa mara mbili mbele ya kalamu kufika kwetu: baba alimupa ukoo na udongo wa kulima, mama alimupa namba. Tutarudi hapa, kwa sababu ni hapa jambo kubwa la siku zetu limejificha.

Tulinganishe kidogo. Baluba wa Kasai wanawapa mapacha majina ya Mbuyi na Kabanga, na majina hayo hayabadiliki kwa sababu baba ni tajiri ao maskini. Kwa Bashi wa Kivu ya Kusini majina mengi ni neno ambalo muzazi anamwambia Mungu ao jirani: Murhula ni amani, Mugisho ni baraka, Nsimire ni shukrani. Pale muzazi anafikiri, anachagua, anasema. Kwa Munande, jina la kwanza ni sawa kiti kilichowekwa tayari. Mutoto hatafutiwi kiti, anakikuta.

2. Majina yenye kupita umri wa mupaka

Watu wengine wanauliza: hii hesabu ilianza lini? Wengine wanadai kama ni mapadri walioileta juu ya kurahisisha vitabu vya ubatizo. Hapana. Ushahidi uko ngambo ya pili ya muto Semliki na milima ya Ruwenzori.

Ngambo ile, katika Uganda, kunaishi Bakonzo, ndugu zetu kwa luga na kwa desturi. Nao wana Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo na Mbusa. Wasichana wao ni Masika, Biira, Kabugho, na wengine wanaofuata. Hata mutu asiyesoma luga anasikia kama Kambale na Bwambale ni jina moja, na kama Kavugho na Kabugho ni dada.

Sasa tuangalie tarehe. Mupaka katika upande huu ulipatanwa kati ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani katika mwaka 1910. Tangu wakati huo, watu wa ngambo hii walitawaliwa na Wabelgiji, wakafundishwa kifaransa, wakapata wamisionere wao. Watu wa ngambo ile walitawaliwa na Waingereza, wakafundishwa kingereza, wakapata wamisionere wengine. Hakuna ofisi moja iliyoandika watoto wa pande zote mbili. Kama musululu wa majina ni ule ule pande zote mbili, basi ulikuwako mbele ya mupaka kupita katikati ya watu. Hatuwezi kuutajia mwaka wa kuzaliwa, lakini tunajua kama una umri kupita kartasi zote za serikali zetu.

Hata ufalme haukuutupa. Wakati Isaya Mukirania na wenzake walipotangaza Rwenzururu katika 1962, walikuwa wanakataa kutawaliwa na watu wa Toro. Mwana wake aliyemufuata ku kiti, Charles Wesley Mumbere, alitambuliwa na serikali ya Uganda katika 2009. Mufalme huyo anabeba jina la mufuatano wa kuzaliwa, lile lile ambalo fundi wa kushona nguo ao muchungaji wa mbuzi anaweza kubeba.

3. Siku za kwanza: muzazi na wageni

Zamani mama alizalia nyumbani. Waliokuwa pale ni mama-mukwe, mukunga, na wanawake wenye kuzaa mbele yake. Wanaume walikaa inje na kujifanya kama hawana wasiwasi. Katika sehemu nyingi za Kivu, kondo la nyuma lilizikwa karibu na nyumba, mara nyingi pembeni ya migomba, kwa kuwa kitu kilichotoka pamoja na mutoto hakitupwi sawa takataka.

Kuanzia saa ile, mama anaitwa muzazi, na jina hilo lilikuwa na haki ndani yake. Muzazi hachoti maji. Muzazi hashiki jembe. Muzazi hatafuti kuni. Anakula vizuri: uji wa ulezi, maharagi, muchuzi wa kuku. Hesabu ya siku za kupumuzika ilikuwa tofauti kutoka familia moja mpaka ingine, lakini musingi ulikuwa mumoja: mutu aliyefika karibu ya kufa juu ya kuongeza ukoo, ukoo unapashwa kumulisha mpaka nguvu zirudi. Ndivyo wahenga walisema: uchungu wa mwana ajuaye ni mzazi. Wengine, ambao hawaujui ule uchungu, wabebe ndoo.

Tukisema «kwenda kuona muzazi», wengi wanafikiri ni kutembea tu na kuangalia kama mutoto anafanana na baba. Lakini tuchunguze wageni walileta nini. Muvunguti wa ndizi. Fungu la kuni. Mutungi wa maji. Chumvi. Nyuma, maduka yalipofika, wakaongeza sabuni, sukari, kikwembe cha kubebea mutoto. Vitu hivyo vyote ni kazi. Mwanamuke aliyeleta kuni alimuokolea muzazi safari ya muchana muzima. Aliyeleta maji alimuokolea mulima. Hakuna mutu aliyelipwa franga, na kila mutu alijua kama siku yake itafika. Leo wasomi wetu wanaweza kuiita asiransi. Wazee hawakuwa na jina lake, lakini walikuwa nayo.

Baada ya zile siku, mutoto alitolewa inje, muzee wa familia akamushika, akatamka jina. Watu walikunywa kasiksi, wakala, wakahesabu pamoja: Paluku, Kambale, Kasereka… na huyu sasa ni Kakule. Kwa kutaja wote kwa mufuatano, walimuonyesha mutoto jamaa yake, na jamaa ikamuona.

Na leo? Tuseme ukweli. Leo wageni wanafika ku nyumba ya muzazi wakiwa kumi na tano kwa mara moja, na bahasha yenye franga kidogo. Wanangoja chai, mikate, na wengine wanangoja nyama. Muzazi aliyetoka materinite jana anasimama ku jiko juu ya kuwapikia. Telefone zinapiga picha, picha zinaruka mpaka Ulaya, na nyuma ya wageni kutoka, ndoo za maji ziko tupu. Desturi haijakufa, lakini imegeuka kichwa chini: zamani wageni walimupumuzisha muzazi, sasa muzazi anawatumikia wageni.

4. Misioni, kilo na kazi

Mapadri Waasomsionisti walifika katika upande wa Beni katika 1929. Vitabu vyao vya ubatizo ni kati ya maandishi ya kwanza yenye kuandika watoto wetu mumoja-mumoja. Walikuta majina ya mufuatano, na walichofanya ni kuweka jina la mutakatifu mbele yake: Petro Kasereka, Maria Kavira. Mutoto akapokelewa mara mbili, ku nyumba na ku kanisa, na wazazi wengi hawakuona shida.

Pamoja na kanisa kulikuja materinite na kilo. Hapa inafaa kuelewa kwa nini serikali ya koloni ilianza kuangalia watoto wachanga. Nyuma ya kazi ya nguvu ya mupira na nyuma ya ugonjwa wa malale, Wabelgiji waliogopa kama watu wa Kongo watapunguka na kazi itakosa mikono. Katika 1912 waliunda Ubelgiji chama cha kulinda mutoto mweusi. Katika 1930 wakaunda FOREAMI, mufuko wa kutunza afya ya wenyeji. Katanga, tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwaacha wafanyakazi wake wakae na bibi zao katika makambi; ikajenga materinite, ikapima watoto kilo kila wakati, ikaandika. Walihesabu watoto sawa vile walihesabu wafanyakazi wa kesho.

Tusiwe watu wa kusahau upande wa pili. Watoto wengi walipona kwa sababu ya ile kilo, na mama zetu waliipenda. Mpaka leo siku ya kupima watoto, pale CPS, ni siku ya kukutana, kupana shauri, na kuvaa kikwembe kizuri. Lakini jambo moja liligeuka kabisa. Kuzaliwa kulitoka ndani ya nyumba kukaingia ndani ya materinite, na muganga akauliza jina siku ile ile, mbele ya muzee kufungua kinywa. Kwa makabila mengine hapo kulitokea ugomvi mukubwa kati ya baba na babu. Kwa Wanande ugomvi ulikuwa mudogo: muganga aliuliza tu «Ni wa ngapi?», na jina likatoka lenyewe.

5. Miaka ya otantisite, na fomu ya mistari tatu

Katika mwezi wa Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaire. Mwanzo wa 1972 Mobutu akaacha majina ya Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko, na wananchi wote wakapashwa kutupa majina ya kizungu. Kardinali Malula hakukubali, na katika mwaka ule akalazimika kukaa Roma kwa muda wa miezi. Mapadri walitishwa na kifungo cha miaka tano kama watabatiza mutoto na jina la kigeni. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatia muhuri juu ya mambo ya majina.

Katika miji mingi watu walihangaika kutafuta jina la babu. Huku kwetu, Petro Kasereka alifuta Petro, akabaki Kasereka, akaongeza jina la babu nyuma, na kazi ikaisha. Ni wakati ule pia majina ya kiswahili yalipata nguvu katika Kivu yote: Furaha, Riziki, Bahati, Neema, Zawadi, Amani. Hayakuwa ya kizungu, na kila mutu wa soko aliyaelewa. Nyuma ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, majina ya ubatizo yakarudi kwa nguvu, na miaka iliyofuata ikazaa mapya: Dieumerci, Gloire, Merveille, Plamedi.

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuwa imesema katika kifungu cha 58 kama majina yatoke katika urizi wa utamaduni wa inchi, na yasiwe ya kutukana, ya kushusha mutu, ao ya kuchokoza. Wachache wanakumbuka sehemu ya mwisho ya kifungu hicho. Tunaomba wasomaji waishike, tutaihitaji.

Lakini hatari kubwa ya hesabu yetu haikutoka kwa Mobutu. Ilitoka kwa fomu. Fomu inauliza jina, jina la pili, jina la ubatizo. Ku mustari wa kwanza tunaweka Kambale. Ofisi ya huku inaelewa. Ofisi ya mbali haielewi: inafikiri Kambale ni jina la familia yote. Kambale anapohamia Ulaya ao Marekani na kuzaa kule, mutoto wake wa kwanza musichana anaweza kuandikwa Kambale. Masika anaitwa kwa namba ya mwanaume wa pili! Na hata hapa Butembo, wazazi vijana wameanza kuwapa watoto wote jina la baba ku mustari wa kwanza, kusudi shule isiulize kwa nini ndugu hawafanani kwa jina. Hatuwalaumu, maana kusumbuliwa ku ofisi kunachosha. Ila tujue kinachopotea: ni namba ya mama.

6. Vita, Ebola, na mutoto asiyekuwa na baba wa kutaja

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa katika mashamba na katika nyumba zao. Familia nyingi zimekimbia, wengine mpaka Butembo, wengine mbali zaidi, na mama wengi wamezalia njiani ao katika darasa la shule lililogeuzwa nyumba ya wakimbizi. Kutoa mutoto inje, wakati hakuna ndani, ni kitu gani?

Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, serikali ikatangaza Ebola. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, na ikabeba watu 2.287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini. Beni, Butembo na Katwa viliumia sana. Kwa mara ya kwanza watu waliogopa kumushika mutoto wa jirani. Kuona muzazi kukawa kusimama mbali na kuinua mukono.

Lakini ni wakati ule ule tuliona jambo ambalo lazima liingie katika historia yetu. Mama aliyepelekwa katika kituo cha matunzo hakuweza kunyonyesha, na mutoto wake hakuweza kurudi ku mugini mara moja, kwa kuwa labda ugonjwa ulikuwa ndani yake. UNICEF na wenzake walifungua vyumba vya watoto pembeni ya vituo, Beni na Butembo. Walioingia mule kubeba watoto ni watu waliopona Ebola, kwa sababu mwili wao ulikuwa umekwisha kuizoea. Wanawake na wanaume waliozika watu wa nyumba zao wenyewe waliwanywesha maziwa watoto wasiowazaa, wakawaimbia, wakawalaza. Hakuna desturi iliyowaagiza vile. Walifanya kazi ya ukoo wakati ukoo ulikatazwa kukaribia.

Sasa tuseme juu ya mutoto ambaye familia nyingi hazitaki kusema juu yake. Vita vya Kivu vimewazalisha wanawake kwa nguvu. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa katika 1999, na munganga wake Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani katika 2018, wamefanya dunia ijue uovu huo. Dunia inajua kidogo zaidi juu ya watoto waliozaliwa. Wengine wanaitwa kwa majina ya adui. Wengine hawaitwi kabisa, wanasema tu «ule». Bwana anamwambia bibi: wewe rudi, lakini ule asirudi.

Hapa tunarudi ku hesabu ya tumbo. Wazee wetu waliweka namba upande wa mama. Kama mama alikwisha zaa Paluku, mwanaume anayefuata ni Kambale. Desturi haiulizi Kambale alitoka wapi. Haina jina lingine la kumupa. Mutu anayemuita kwa tusi anavunja mara mbili: anavunja sheria ya inchi, ile sehemu ya mwisho ya kifungu cha 58, na anavunja hesabu ya wazee, kwa sababu akimuruka huyu, mutoto anayefuata atabeba namba isiyokuwa yake.

Tunajua jibu la wazee wengine. Wanasema: sawa, namba ni ya mama, lakini udongo ni wa baba. Huyu Kambale atalima wapi? Atapewa mbuzi za kuoa na nani? Swali hilo ni la kweli, na jina peke yake halilijibu. Lakini katika historia yetu kuna watoto waliolelewa na wajomba wao, wakapewa pa kulima upande wa mama, na hakuna aliyesema kama desturi imekufa. Familia itakayosema «ni Kambale wetu» imekwisha kufungua mulango wa mazungumzo juu ya shamba. Itakayosema «ule» imeufunga mbele ya kuzungumza.

7. Jina katika kinywa na jina katika kartasi

Mutoto ambaye jina lake liko katika kinywa cha familia peke yake anateseka akikua. Sheria ya 1987 iliwapa wazazi siku 30 za kumuandikisha mutoto ku etasivili. Sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaongeza mpaka siku 90, na Sheria ya Jamaa iliyorekebishwa katika 2016 ikashika siku hizo. Uchunguzi wa afya na wakaaji wa 2013-2014 ulionyesha kama, kati ya watoto wa chini ya miaka mitano, karibu mumoja tu juu ya wane alikuwa ameandikishwa.

Kuna kosa moja linalorudi kila mara, na linaangusha hata watu waliosoma. Wazazi wanaweka vizuri kartasi ya materinite na kufikiri kazi imeisha. Kartasi ile inashuhudia tu kama mutoto alizaliwa pale. Si akti ya kuzaliwa. Akti inatolewa na ofisa wa etasivili, na kama siku 90 zimepita, inafaa kupitia tribinali, safari na gharama zinaongezeka, na wengi wanaacha. Kwa familia iliyokimbia vita, shida ni kubwa zaidi: ofisi iliyoandika iko nyuma, wakati mwingine imeungua, na mutoto iko mbele.

8. Kumaliza

Tukikusanya yote, tunaona kama kumupokea mutoto kulikuwa na kazi tatu: kumupumuzisha mama, kumupa mutoto nafasi kati ya ndugu zake, na kumutangaza mbele ya watu. Watawala, mapadri, wanganga na vita vimegusa kila moja ya kazi hizo, na kila mara watu wetu wamepata namna ya kuendelea.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji mambo yanayowezekana. Mukienda kuona muzazi, mukuwe wachache, mubebe maji na kuni ao makala, na mumoja wenu aingie ku jiko. Mbele ya kutoka, muulize baba kama mutoto amekwisha andikishwa. Na kama shida ni pesa ya moto ya kufika ku ofisi, ile bahasha yenu ifanye kazi hiyo. Kama munaishi mbali ambako fomu haijui hesabu yetu, muandike Masika pale ambapo Masika anapashwa kuandikwa, hata ku mustari wa pili.

Na kila mumoja amuendee mama yake, ao mama mukubwa akiwa yeye hayuko tena, amuombe ahesabu watoto wake wote kwa mufuatano, wazima na waliokufa, na aandike katika kaye. Wengi mutakuta jina moja ao mbili ambazo hamukuwahi kusikia nyumbani. Chama chetu kinapokea nakala za orodha hizo, bila kuzitangaza, kwa kila familia itakayopenda kuziweka.